Kampuni inataka nipige picha uwanja wa kila mteja kwa ajili ya droni, nijaze ukweli au niache?

msambazaji_07

Wakuu habari zenu. Naombeni ushauri maana hili jambo linanikosesha usingizi wiki ya pili sasa na nyumbani hamna wa kumuuliza.

Mi ni msambazaji wa vifurushi, huu mwaka wa 9. Natoka ghalani asubuhi na vifurushi 80, siku mbaya 95, nazunguka eneo lile lile mpaka jioni na nalipwa kwa kila kifurushi kilichofika. Mwezi uliopita wametuongezea kitu kwenye programu ya simu. Zamani ukishamkabidhi mteja mzigo wake unaskani, anasaini, unaondoka. Sasa ivi kabla haijakubali kufunga oda inakuuliza nyumba ina uwanja wa wazi? una upana gani? kuna mti? kuna nyaya za umeme juu? mbwa anafungwa? afu piga picha ya sehemu ambayo mzigo unaweza kushushwa. Nikajaza wiki nzima bila kuwaza, nikajua ni mambo ya usalama wetu. Kumbe msimamizi kwenye kikao akatamka kama kitu cha kawaida tu, kwamba mwakani wanaanza majaribio ya droni na hizo taarifa tunazojaza ndo zinachora ramani ya nyumba zinazofaa.

Nilikaa kimya ila moyo ulishtuka. Nna daftari dogo natembea nalo mfukoni tangu mwaka wa kwanza, lina jasho na lina mvua lile daftari. Nimeandika humo "geti la bluu, kengele imekufa, gonga dirisha la kushoto". "Huyu anafanya zamu ya usiku, usibishe kabla ya saa 8 mchana, acha kwa jirani mkono wa kulia". "Hapa majina mawili yanafanana, hakikisha namba ya simu kwanza". Hayo hakuna aliyenifundisha wala kunilipa, na ndo yanafanya mi nimalize 80 wakati mgeni anahangaika na 50. Sasa najiona kama nalichana hilo daftari karatasi moja moja naikabidhi mashine itakayokaa kwenye nafasi yangu.

Maswali yangu mawili. Kwanza hizi droni zinakuja kweli au ni maneno ya vikao, maana nazisikia miaka na miaka. Pili nijaze ukweli au nijaze ovyo? Wenzangu wawili kila nyumba wanaweka "kuna nyaya". Mi sijawahi kudanganya kazini lakini nna watoto wanaosoma. Nijibuni kama mnamjibu ndugu yenu.

mzee_wa_hesabu

Pole sana mkuu, swali lako la kwanza nalijibu mimi la pili nawaachia wengine.

Zinakuja, ila taratibu kuliko zinavyotangazwa. Jeff Bezos wa Amazon alitangaza kwenye televisheni Desemba 2013 kwamba ndani ya miaka minne au mitano droni zitakuwa zinashusha mizigo majumbani ndani ya dakika 30, mzigo usiozidi kilo 2 na kitu. Mteja wa kwanza kabisa waliyempelekea alikuwa karibu na Cambridge kule Uingereza, Desemba 2016, ikachukua dakika 13. Watu wakashangilia. Afu kimya, mpaka mwishoni mwa 2022 ndo wakaanza kwa wateja wa kawaida Marekani, tena sehemu mbili tu, Lockeford ya California na College Station ya Texas. Hesabu mwenyewe, miaka tisa tangu kutangaza, na hiyo ni kampuni yenye hela kuliko nchi nyingi.

Sababu kubwa unaijua wewe kuliko mi. Wewe unatoka ghalani mara moja na mizigo 80. Kutoka mlango mmoja kwenda mwingine kwako ni dakika mbili tatu na mafuta kidogo. Droni inabeba mmoja, inaenda, inashusha, inarudi tupu mpaka ghalani, inabadilishwa betri, inabeba mwingine. Kwa mteja mmoja aliye mbali mwenye haraka inakupita vibaya sana, lakini kwenye mtaa wenye nyumba zimebanana haikuwezi, na sioni itakuweza vipi karibuni. Betri ya kuinua kilo mbili hewani inakula uzito wake yenyewe, yani ukitaka ibebe zaidi inabidi uongeze betri, ukiongeza betri umeongeza uzito, unarudi pale pale.

Ila usije ukadhani ni porojo. Wing, ambayo iko chini ya Alphabet wenye Google, walipata kibali cha kufanya biashara Canberra, Australia, mwaka 2019, Canberra wakaacha 2023 ila kampuni inaendelea sehemu nyingine. Na Marekani mpaka 2023 karibu kila kampuni ililazimika kuweka watu chini wa kuangalia anga droni inapopita, mwaka huo mamlaka yao ya anga ikaruhusu kampuni kadhaa kurusha bila hao waangaliaji. Hapo ndo gharama inaanza kushuka. Kwa hiyo usiuze gari, lakini na wewe usilale.

Rafadha

Mleta mada nakujibu kama mtu wa upande wa pili maana mi nafanya kazi kwenye kituo cha droni, sirushi, mi ni wa chini, naandaa ndege. Asubuhi kazi yangu ya kwanza napitisha ukucha kwenye kila panga la droni, taratibu, kutoka kwenye kitovu mpaka ncha. Ufa ambao jicho haliuoni, ukucha unakwama hapo. Nikiusikia panga linatupwa hata kama limefungwa jana. Afu napima betri, naangalia upepo, ndo nasaini. Nakwambia haya ujue kwamba hata huku mkono wa mtu bado upo, japo ni wachache, na huo ndo ukweli ambao sitakuficha: mtu mmoja anasimamia droni kadhaa kwa wakati mmoja kwenye skrini, kwa hiyo usitegemee madereva 40 wote watahamia huku. Watahamia watatu wanne.

Kuhusu kujaza ovyo, kaka usifanye. Sababu ya kwanza ni kwamba hawategemei picha zako peke yake, wanalinganisha na picha za setilaiti na kabla ya safari ya kwanza mara nyingi kuna mtu anapita kukagua. "Kuna nyaya" kwenye kila nyumba itaonekana siku ya kwanza na atakayeitwa ofisini ni aliyejaza.

Sababu ya pili ndo inaniuma zaidi. Leo mwenzako anaweka nyaya pasipo na nyaya, kesho mwingine aliyechoka anabonyeza "hakuna" ili afunge oda aende nyumbani. Mwaka 2022 kule Logan, Queensland, droni ya Wing ilifanya kutua kwa tahadhari ikakaa juu ya nyaya za umeme, wateja kama 2000 wakakosa umeme. Hakuna aliyeumia, lakini mi nikiona fomu ya uwanja naona waya, mtoto anayecheza chini, na kitu cha kilo kadhaa kinachozunguka mapanga. Taarifa ya mahali pa kushushia mzigo haiwezi kuwa sehemu ya kulipiza kisasi.

Lakini soma fomu vizuri. Inauliza uwanja, mti, waya, mbwa. Haiulizi kengele iliyokufa, haiulizi mtu wa zamu ya usiku wala majina yanayofanana. Droni zinazoshusha kwa kamba zinasimama juu, zinateremsha mzigo, zinaachia ndoano, basi. Hazibishi hodi. Daftari lako bado liko mfukoni mwako.

dadawamaabara

Naomba nichangie kwa upande wa hospitali maana nyie mnaongelea vifurushi vya madukani na mi droni nimeijua kwenye damu.

Kituo ninachofanya tulikuwa tunaagiza damu kwa gari. Mnajua chupa ya damu si kitu unarundika tu kabatini, chembe sahani, zile za kugandisha damu, zinakaa siku 5 hivi zinaharibika, na kundi la damu lisilo la kawaida ukiweka stoku linakwisha muda bila kutumika, usipoweka siku inayohitajika huna. Mama amejifungua anavuja damu, wewe umeshapiga simu, unasimama mlangoni unasikiliza kama gari linakuja. Nimesimama hapo mara nyingi. Kuna siku gari lilifika na hatukulihitaji tena na sitaki kuelezea zaidi.

Sasa ivi tunaagiza kwa simu, baada ya muda unapata ujumbe kwamba imekaribia, unatoka nje. Husikii kelele kubwa, unasikia kama mtu amechana kitambaa angani, afu boksi linashuka na mwavuli wa karatasi linatua kwenye majani. Nikilifungua naweka kiganja kwanza, baridi ipo, naangalia kipimo cha joto, nasaini rejista nakimbia. Rwanda ndo walianza hii Oktoba 2016 na kampuni ya droni ya Zipline kutoka kituo cha Muhanga, Ghana wakafuata Aprili 2019. Utafiti wa Rwanda uliotoka kwenye jarida la Lancet Global Health mwaka 2022 ulikuta droni inafika kwa wastani wa dakika 50 hivi, pungufu ya barabara kwa dakika 79 mpaka 98, na damu inayotupwa kwa kuisha muda ikapungua asilimia 67. Asilimia 67 jamani, hiyo ni damu ya watu waliojitolea mikono yao.

Kwa hiyo mtu akiniambia droni ni adui siwezi kumuunga mkono. Lakini kaka msambazaji kuna kitu nataka nikwambie, dereva wetu aliyekuwa analeta damu hajafukuzwa. Droni hizo zinabeba chini ya kilo 2. Kila kilicho chepesi na cha haraka kimeenda angani, yeye amebaki na mitungi ya oksijeni, makatoni ya dripu, vitanda. Mgongo wake umeanza kumsumbua. Wala hamna aliyekaa akaamua iwe hivyo, imetokea tu kwa sababu vyepesi vimeondoka na vizito vimebaki kwenye gari lake, na mkataba wake umeandikwa vile vile kama zamani.

KauntaNambaTatu

Huyo dada wa maabara amegusa penyewe kabisa. Mwanangu msambazaji, mi ni mstaafu, nilikaa kaunta ya benki miaka 27, ngoja nikusimulie.

Mashine ya kwanza ya kutoa pesa iliwekwa Enfield, London, Juni 1967. Ilipofika kwetu ilikuwa miaka mingi baadaye, na tuliagizwa sisi makeshia tusimame kwa zamu pembeni ya mashine tuwafundishe wateja kubonyeza. Yani unamfundisha mteja wako namna ya kutokuja kwako. Kile unachokisikia kwenye daftari lako mi nilikisikia nikiwa nimesimama pale na sare.

Watu walisema benki hazitakuwa na makeshia tena. Haikwenda hivyo, angalau si haraka. Kuna mchumi wa Marekani James Bessen alifuatilia akakuta kwenye matawi ya mijini makeshia kwa kila tawi walishuka kutoka kama 20 mpaka 13 kati ya 1988 na 2004, lakini kwa sababu tawi limekuwa rahisi kuendesha benki zikafungua matawi mengi zaidi, idadi ya makeshia kwa jumla haikuporomoka. Imekuja kushuka baadaye, watu walipohamia kwenye simu. Kwa hiyo mashine iliyotutisha siyo iliyotuondoa, ilituondoa nyingine iliyokuja nyuma yake.

Ila katikati hapo kazi ilibadilika na hamna aliyetuambia. Kutoa pesa na kuangalia salio kulikuwa ndo kupumzika kwetu, dakika moja mtu ameondoka. Mashine ikachukua hayo yote. Kikabaki nini kaunta? Akaunti iliyofungwa, jina limekosewa herufi, mjane amekuja na karatasi za mirathi analia, mtu ametuma hela kwa namba siyo yake. Foleni ikawa fupi lakini kila mmoja dakika 40. Na sisi bado tunapimwa kwa idadi ya wateja kwa saa! Nikaitwa ofisini naambiwa nimekuwa mzembe, mi ambaye miaka yote nilikuwa wa kwanza. Nilirudi nyumbani siku hiyo sikuongea na mtu.

Kilichotusaidia ni dada mmoja kaunta ya pili, alianza kuandika kila mteja, amekuja na shida gani, ameingia saa ngapi ametoka saa ngapi. Tukaungana wanne, mwezi mzima. Tukampelekea meneja makaratasi, na meneja hakuwa mtu mbaya, alikuwa hajui tu. Kipimo kikabadilishwa. Sasa wewe unalipwa kwa kifurushi, kwako ni hatari zaidi kuliko kwetu. Anza kuandika leo, kabla hata droni moja haijaruka, maana wakishaanza hutakuwa na cha kulinganisha.

usingizi_mwepesi

Mi nakaa chini ya njia ya majaribio na nasema kitu kimoja tu kwa sababu kwenye uzi wote mnaongelea anayetuma na anayepokea. Na anayepitiwa juu je?

Siyo kelele kubwa kwa maana ya kelele. Ni mlio unaopanda na kushuka, inapofika inasimama angani kushusha mzigo kwa jirani, inalia pale pale kama nyuki kwenye chupa, mtoto wangu ndo amelala saa hizo. Mara moja unavumilia. Mara 20 kwa siku unaanza kuisubiri hata kabla haijaja. College Station watu walilalamika hivi hivi mpaka meya wao akaandika barua kwa mamlaka ya anga mwaka 2024, na Canberra kitongoji cha Bonython walilalamika tangu majaribio ya 2018. Hata ndege wamelalamika, 2021 kule kule Canberra kunguru walikuwa wanazishambulia wakati wa kulea makinda mpaka safari zikasimamishwa kwa muda.

Mi siyo mpinzani, huyo dada wa damu amenitoa machozi na kwa damu zipite hata usiku wa manane. Ila fomu yako mkuu inauliza mti na inauliza waya, haimuulizi jirani. Kama kuna sehemu ya maoni andika kwamba nyumba ya pili kuna mgonjwa, kuna mtoto mchanga. Wewe unawajua hao, kampuni haiwajui.

msambazaji_07

Nimesoma yote mara mbili. Shikamoo mama wa kaunta, asante sana, na dada wa maabara Mungu akuzidishie.

Leo nimefanya ulichosema mama, nimeandika mzunguko mzima kuanzia asubuhi. Vifurushi 84. Nimehesabu vile ambavyo droni ingeweza kweli, yani chepesi chini ya kilo 2, nyumba ina uwanja wazi, hakitaki saini wala kitambulisho. Nimepata 31. Nilitegemea zaidi.

Lakini sasa angalieni muda. Hivyo 31 jumla vimenichukua saa 1 na dakika 50. Natupia getini, naskani, naondoka. Hivyo 53 vingine vimekula saa 7 na dakika 10, magorofa bila lifti, mashine ya kufulia ya kubeba watu wawili, mteja hapokei simu, anwani nusu, mzigo wa kurudisha umefungwa vibaya nimeufunga upya mwenyewe kwenye ngazi. Nilivyomaliza nikakaa ndani ya gari nikaiangalia hiyo karatasi mpaka giza likaingia. Wakichukua hivyo 31 napoteza zaidi ya theluthi ya kipato na kazi inapungua moja ya tano tu. Miaka 9 nalipwa vile rahisi vinabeba vile vigumu na sikuwahi kuliona.

mzee_wa_hesabu

Na hesabu ya pili hiyo hapo. Ili ubaki na kipato kile kile kwa hivyo 53, kila kimoja kinatakiwa kilipwe zaidi kwa karibu asilimia 58. Hiyo ndo namba ya kwenda nayo kikaoni, siyo "droni hatuzitaki". Wakikwambia hutafanya saa zote 9 ndo unawaonyesha kwamba saa zilizobaki ni 7 na dakika 10 za ngazi.

Ila siku moja haitoshi, watasema umechagua siku. Wiki nne, watu zaidi ya mmoja, maeneo tofauti.

KauntaNambaTatu

Marahaba mwanangu. Ongeza safu ya ghorofa ya ngapi na safu ya uzito, sisi tulisahau safu ya aina ya shida wiki ya kwanza ikabidi tuanze upya. Na mwandike palepale mlangoni, msiseme nitakumbuka jioni, jioni unakumbuka wale waliokuudhi tu.

Rafadha

Na kwenye fomu yao jaza ukweli mkuu, waya andika waya, hakuna andika hakuna. Karatasi yako itaaminika kwa sababu hiyo hiyo.

msambazaji_07

Nimechora safu sita kwenye daftari jipya, la zamani linabaki la getini na kengele. Nimewapigia wenzangu, watatu wamekubali tunaanza kesho saa 12 asubuhi. Yule mmoja wa "kuna nyaya" nimemsomea habari ya Logan kwenye simu, amekaa kimya kidogo afu akasema anarudia nyumba zake zote jumapili kwa muda wake mwenyewe.

Na ile nyumba ya mtu wa zamu ya usiku, kwenye maoni nimeandika "kabla ya saa 8 mchana msipite hapa".